Nimezunguka na preamp tatu za gitaa la besi, Nachingwea hadi Ruangwa, jibu nikalikuta zizini Mtua

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na sisi wa huku kusini ambao mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

Huu uzi nimeuahirisha kama mwezi hivi. Juzi mtu kaniuliza inbox, "Mkuu, preamp gani nzuri kwa gitaa la besi?" Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu mpaka kidole kikauma. Nikaona bora niliweke hapa tusome wote. Nitaeleza mambo yalivyokwenda, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni mimi, sitamsingizia mtu.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtumishi wa mifugo wilaya ya Nachingwea. Chanjo, dawa za kupe, ushauri kwa wafugaji, ndiyo kazi yangu. Wafugaji wananiita daktari. Nina diploma tu, ila nimechoka kuwasahihisha.

Jumapili napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Mwaka wa kumi na moja huu.

Kwa wasiojua, preamp ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, unakiweka sakafuni karibu na mguu. Gitaa linaingia upande huu, sauti inatoka upande ule ikiwa na nguvu zaidi, inaelekea kwenye miksa na spika. Juu yake kuna nobu za kuzungusha: ya besi, ya trebo, na ya sauti za kati ambayo sisi tunaiita mid. Ndiyo hivyo tu. Hakuna uchawi, ingawa bei za baadhi yake ni za kichawi.

Sasa tatizo langu.

Nilikuwa sisikiki.

Mwalimu wetu wa kwaya anaitwa Tekla. Ni muuguzi, mtu wa utaratibu, hapandishi sauti hata akikasirika. Siku moja baada ya mazoezi akaniita pembeni.

"Kaka, ule wimbo wa pili, ulipiga?"

"Nimepiga zote, mwalimu."

"Aa." Akawa anakunja daftari lake la nyimbo. "Mimi sikukusikia. Deo anasema anaweza kuishika besi kwa mkono wa kushoto kwenye kibodi. Nilikuwa nafikiri kwenye harusi ya Anjela tufanye hivyo."

Wakuu, Anjela ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa anaolewa Ruangwa wiki sita mbele, na kwaya yetu ndiyo iliyoalikwa kuimba. Yaani nikae kwenye kiti, nimevaa suti, nitazame mkono wa kushoto wa Deo kwenye harusi ya dada yangu mwenyewe.

Nikamwambia, "Nipe wiki nne."

Akasema sawa. Ila nilimwona hakuamini.

Nikaanza kutafuta preamp.

Ya kwanza niliiagiza Dar, ikaja na basi kama kifurushi. Ya Kichina, haina jina la maana, rangi ya bluu. Nilifika nyumbani nikaiunganisha kwenye hedifoni, nikaanza kuzungusha. Nobu ya besi nikaipandisha karibu mpaka mwisho. Trebo juu kidogo. Mid nikaishusha chini kabisa, maana nikiiacha sauti inakuwa kama mtu anaongea puani.

Ikatoka sauti nene, laini, ya kunywea chai.

Nikachomoa hedifoni, nikaweka spika ya nyumbani. Mke wangu akatoka jikoni akauliza kama kuna lori limepaki nje.

Nikajua nimemaliza kazi.

Jumapili nikaenda nayo kanisani. Kanisa letu ni la bati, halina dari. Tukaanza kupiga, ngoma hizi hapa, kibodi hii hapa, sauti nne za waimbaji. Mimi nimefumba macho nafurahia. Baada ya ibada nikauliza watu. Waliokaa mbele wakasema kulikuwa na mvumo fulani. Waliokaa nyuma wakasema, "Kwani ulikuwepo?"

Hapa ndipo ujinga ulipoanza. Nikaamua kwamba ile preamp ni feki.

Ya pili alinitengenezea fundi wa redio wa mtaani kwetu. Huyu jamaa ana mikono, asikwambie mtu. Akachukua vipuri vya redio mbovu, akavipanga ndani ya kopo la plastiki la siagi, akaweka nobu mbili na soketi. Nilimwuliza kama haihitaji kasha la chuma. Akasema chuma ni urembo.

Pale kwake ilipiga vizuri. Jumapili iliyofuata, wimbo wa kwanza ukapita salama.

Kisha mchungaji akasema tufumbe macho tuombe.

Kanisa kimya. Mara kwenye spika ikaanza sauti ya mtangazaji wa mpira. Mbali kidogo, lakini maneno yanasikika. Mtu anapokea pasi upande wa kushoto, anaingia kwenye boksi.

Mchungaji akakatisha maombi. Akasema kwa upole, "Mwenye redio aizime, tafadhali."

Watu wanatazamana. Mimi nikapiga magoti. Majirani walidhani nimeguswa na sala. Nilikuwa natafuta waya wa kuchomoa.

Nilipomrudishia fundi akaiunganisha pale mezani, akasikiliza, akatikisa kichwa akisema, "Kumbe inashika vizuri hivi."

Sikumlaumu. Ni kwamba plastiki haizuii mawimbi ya redio, na waya za gitaa zinafanya kazi ya antena. Hilo nimelijua baadaye, nawapa bure.

Zikabaki wiki mbili katika zile nne.

Ya tatu niliifuata Ruangwa. Nina rafiki yangu pale anaitwa Saidi, anapiga besi kwenye bendi ya maharusi. Saidi ana preamp ya maana, nzito kama tofali, ina nobu saba na kitufe cha kukwaruza sauti, ile tunayoita drive. Nilipanda pikipiki Jumamosi asubuhi nikamkuta wanafanya mazoezi. Alipokanyaga kile kitufe nilisikia kifua kinatetemeka.

Nikamwomba aniazime wiki moja.

Akaniazima. Ila wakati anaifunga kwenye mfuko akaniambia, "Nikwambie kitu. Hata ukichukua zangu zote, ukizungusha hizo nobu kama unavyozungusha siku zote, itatoka sauti yako ile ile."

Nikacheka. Nilidhani anaona wivu na preamp yake.

Mazoezi ya Jumanne nikaikanyaga drive. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliacha kuimba, akageuka, akauliza bila ubaya wowote, "Jamani, leo wameleta mashine ya kusaga?"

Kwaya nzima ikacheka. Deo alijitahidi asicheke, nampa heshima yake. Tekla hakucheka. Alisubiri watulie, akaniambia, "Kaka, imebaki wiki moja." Kisha akainua mkono, tukaendelea.

Niseme ukweli, siku hiyo niliumia. Kuchekwa ni kawaida yetu. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kufikiri labda wako sahihi. Miaka kumi na moja, labda muda wote huo nilikuwa nabeba gitaa tu.

Sasa njooni kijijini Mtua.

Alhamisi ile nilikuwa na chanjo ya ng'ombe kwa familia moja ya Wasukuma waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa miaka tisa iliyopita. Mwanzoni walipata shida na wakulima wa pale, ng'ombe wameingia kwenye ufuta, vikao, lawama. Vikao hivyo mimi nilikaa vingi. Siku hizi wametulia, wanauziana maziwa na mihogo.

Mwenye boma anaitwa Baba Kulwa. Mtu mrefu, mkimya, akiwahesabu ng'ombe wake midomo inacheza lakini sauti haitoki. Mkewe ni Mama Kulwa, mama wa mapacha. Tangu niwafahamu nilikuwa nimemsikia Mama Kulwa akisema salamu, bei ya maziwa, na basi.

Kwa kuwa jioni nilikuwa na mazoezi, nilikwenda na gitaa mgongoni, boksi la chanjo limefungwa nyuma ya pikipiki. Preamp ya Saidi niliiacha nyumbani, sikutaka hata kuiona. Kwenye mfuko wa gitaa kulikuwa na ile ya kwanza, ya bluu, nilikuwa sijaitoa.

Tulimaliza chanjo kama saa nne. Nikanawa. Mama Kulwa akaleta maziwa mgando, akasimama, anatazama ule mfuko.

"Daktari, hilo gitaa nyuzi ngapi?"

"Nne."

"Basi ni besi."

Nikamtazama. "Unayajua?"

Aliuliza kama anaweza kulishika. Nikalitoa nikampa. Akalipokea kama mtu anavyopokea mtoto wa mwenzake, akaangalia shingo ya gitaa kwa jicho moja kuona kama imepinda. Kisha akaenda kwenye mlango wa nyumba yao, mlango wa mbao, akaegemeza pembe ya gitaa pale kwenye ubao, akapiga uzi mmoja.

Mlango ukaimba.

Wakuu, mimi nina miaka kumi na moja kwenye besi, sikuwa najua kwamba ukiegemeza gitaa kwenye mbao utalisikia bila umeme. Jaribuni.

Akapiga polepole, anatafuta. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vizito mwanzoni, anakosea, anarudi. Baada ya muda vikakumbuka. Ilikuwa ni mapigo ya kwaya za kule kwao, yale yanayokimbia halafu yanasimama ghafla kumpisha mwimbaji. Kila noti ilikuwa inaisha pale alipotaka iishe.

Baba Kulwa alikuwa anafunga zizi. Akasimama na kamba mkononi.

Nikamwuliza Mama Kulwa alijifunzia wapi.

"Kwaya ya kwetu. Nimepiga miaka sita, kabla hatujahama."

"Mbona uliacha?"

"Gitaa lilikuwa la kanisa," akasema. "Mimi nimekuja huku na watoto na sufuria."

Nikageuka kwa Baba Kulwa. Nikamwuliza kama alikuwa anajua.

"Nilijua alikuwa kwaya," akasema. Akaikunja ile kamba. "Nilidhani anaimba."

Walioana Baba Kulwa akiwa safarini na ng'ombe muda mwingi. Miaka tisa tangu Mama Kulwa aguse besi, na mumewe alikuwa hajawahi kumsikia hata siku moja.

Basi nikamweleza shida yangu yote. Sijui kwa nini nilimweleza, labda kwa sababu alikuwa mgeni kwenye aibu yangu. Harusi, Deo, mpira kanisani, mashine ya kusaga. Alicheka pale kwenye mpira, akafunika mdomo kwa kanga.

Kisha akasema, "Hebu niisikie hiyo ya bluu."

Wana sola na sabufa ya kusikilizia redio. Nilikuwa na kile kijeki cha kubadilisha waya, tukaunganisha. Nikaweka nobu zangu kama kawaida, besi juu, mid sifuri, nikapiga. Mabati ya nyumba yakatetemeka, kuku wakatawanyika.

Mama Kulwa akainama akaangalia zile nobu. Akauliza, "Hii uliipanga ukiwa peke yako chumbani?"

"Ndiyo."

"Inaonekana." Akaishusha besi mpaka chini ya nusu. Nikaumia moyo. Akaipandisha mid mpaka ikapita nusu. Trebo akairudisha kidogo. "Piga."

Nikapiga. Ikatoka ile sauti ya mtu anaongea puani.

"Hii mbaya," nikasema.

"Peke yake ni mbaya. Lakini hupigi peke yako kanisani. Kuna ngoma kubwa, iko chini, kwenye sauti nzito. Kuna wanaume wa sauti ya nne, wako chini. Huyo wa kibodi mkono wa kushoto anaweka wapi?"

"Chini."

"Na wewe umejaza chini. Mmekaa wote kwenye chumba kimoja, nani atajua nani kaongea? Panda kidogo, toka hapo. Huyo wa kibodi mwambie mkono wa kushoto aupumzishe." Akanionyesha pia mkono wangu. "Na noti ukishapiga uizime. Wewe unaziacha zinalala tu, inayofuata inaikuta ya kwanza bado ipo kitandani."

Ile ni preamp ile ile niliyoiita feki.

Jioni kwenye mazoezi sikumwambia mtu. Nilimwomba Deo tu, kwa adabu, apumzishe mkono wa kushoto nyimbo mbili. Akakubali. Nobu nikaziacha alivyoziacha Mama Kulwa, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha kupandisha besi.

Katikati ya wimbo wa pili Tekla akainua mkono. Kwaya ikanyamaza. Nikasema moyoni, imekwisha.

"Nani kabadilisha besi?"

"Mimi, mwalimu."

"Usiiguse tena," akasema, akatuanzishia wimbo upya.

Nilienda chooni nikatabasamu huko peke yangu.

Harusi ilikuwa Jumamosi, kama wiki tatu baadaye, nikawaalika Baba Kulwa na Mama Kulwa. Walikuja mpaka Ruangwa wakiwa wamependeza, Baba Kulwa kwenye koti na kofia yake, Mama Kulwa kwenye gauni la kitenge. Mdogo wake Baba Kulwa alibaki na ng'ombe. Nikawakalisha meza ya karibu na spika, ndiyo niliyoona ina nafasi.

Tulipiga wakati wa kuingia maharusi. Tulipiga wakati wa keki. Nilisikika, wakuu. Nilijisikia mwenyewe ikitoka kule ukutani inarudi, kila noti na miguu yake. Mjomba wangu mmoja alikuja kunishika bega tu, akaondoka.

Kisha MC akaita ndugu wa bibi harusi waje mbele kwa ajili ya utambulisho na zawadi. Mimi ni kaka mkubwa, baba yetu hayupo tena, kwa hiyo lazima nisimame pale. Na kwaya lazima iendelee kuimba.

Deo akanyoosha vidole vya kushoto, tayari.

Nikamwangalia Mama Kulwa. Nikaenda mpaka mezani kwao.

"Dada, nishikie."

"Nyimbo zenu sizijui."

"Huu umeusikia mara mbili leo. Ni sehemu tatu tu zinazunguka."

"Daktari, miaka tisa. Mbele za watu."

Baba Kulwa alikuwa anakula, hakuinua uso. Mama Kulwa akamtazama. Kisha Mama Kulwa akavua viatu, akaviweka chini ya kiti sambamba, akaja.

Nilimvisha mkanda wa gitaa, nikaufupisha. Nilipoondoka alikuwa ameinama kwenye ile preamp ya bluu, anairudisha trebo kidogo sana, kama unywele.

Mimi nikasimama na mama yangu na Anjela, tunapeana mikono na wakwe. Kwa hiyo mwanzo wake sikuuona, niliusikia. Mizunguko miwili alikwenda na kwaya kwa adabu, anasoma njia. Mzunguko wa tatu, pale waimbaji wanapovuta pumzi, akaingia na yale mapigo ya mlangoni. Akakimbia, akasimama, akawapisha.

Tekla aligeuka mzima mzima. Mkono wake ukabaki hewani. Kisha akawapa ishara waimbaji warudie, na warudie tena.

Akina mama wa upande wa bwana harusi wakaacha foleni ya zawadi wakaanza kucheza. Anjela naye, na shela lake. Mama yangu alikuwa ameshika mkono wa mkwe mmoja, akasahau kuuachia, wakawa wanacheza hivyo hivyo.

Mama Kulwa hakumtazama mtu. Alikuwa anaangalia vidole vyake, miguu peku, analia na kutabasamu kwa pamoja.

Na hapo ndipo nilipomwona Baba Kulwa. Aliacha sahani yake, akavaa kofia vizuri, akapita katikati ya wanaocheza bila kumgusa mtu, mpaka kwa kijana wa miksa. Akamwinamia. Mimi nilikuwa hatua tatu tu, nilimsikia.

"Ongeza ya mke wangu."

Wakuu, nimefupisha mengi, lakini mambo yalikwenda hivyo.

Preamp ya Saidi nimeirudisha na nimemwomba radhi, maana alikuwa ameniambia. Ile ya fundi anaitumia kama redio, na anasema inashika stesheni ambazo redio zenyewe hazishiki. Mama Kulwa siku hizi anakuja Jumapili mbili kwa mwezi, na hizo mbili mimi nakaa kwenye gitaa la ridhimu, nikijifunza upya. Sisemi haikuniuma hata kidogo. Iliuma wiki moja.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kabla hujalaumu kifaa, kipeleke kwenye sauti za wenzako uone kinakaaje. Usipange besi ukiwa umejifungia chumbani. Mid si adui. Na mtu unayemjua kwa bei ya maziwa tu, mwulize siku moja alikuwa anafanya nini kabla.

Sasa nawaachia nafasi. Wanaopiga chini ya bati bila dari, mid mnaiweka wapi? Nani ametumia hizi za bei nafuu zaidi ya mwaka mmoja zikadumu? Wa kanda ya ziwa, yale mapigo ya kukimbia na kusimama mnayaitaje?

Na mwenye kujua bei ya gitaa la besi la nyuzi tano, zuri, lisilo la kuchezea, aniambie hapa hapa. Baba Kulwa amenipigia simu asubuhi, anataka kujua kama dume mmoja atatosha au auze wawili.